Heri kikeki cha kijiti kuliko keki ya fahari

SHEREHE za kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwa watoto zimekuwa jambo la kawaida katika miji yetu. Kuanzia Umoja na Buruburu jijini Nairobi hadi Nyali kule Mombasa, si ajabu Jumamosi alasiri kuona maputo yamefungwa langoni na kusikia watoto wakiimba. Hilo ni jambo jema, kwani mtoto anayesherehekewa hujua kwamba anapendwa.

Lisilo jema ni mashindano yaliyoingia katika sherehe hizi. Mzazi mmoja akinunua keki ya ghorofa mbili, jirani yake hutafuta ya ghorofa tatu. Aisingi hupakwa nene kama lipu ya ukuta, na rangi hukolezwa hadi ndimi za watoto zinageuka buluu. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Keki nyingi za fahari ni mkakasi mtupu: nje zinapendeza, ndani ni sukari na mafuta.

Mwandishi huyu anaamini kuwa kuna njia iliyo bora, rahisi, na isiyomnyima mtoto raha yake. Njia hiyo ni vikeki vya kijiti, yaani vitufe vidogo vya keki vilivyochomekwa kijiti na kuchovywa katika chokoleti. Vikeki hivi vilipata umaarufu mwaka 2008 kupitia Angie Dudley, mwokaji wa jimbo la Georgia nchini Marekani. Lakini wazo lenyewe si geni kwetu. Yeyote aliyelelewa Pwani anajua kaimati, na ladu zimeuzwa katika maduka ya vitamu vya Kihindi tangu zamani. Kitamu cha mviringo kinachotosha kinywa tumekijua siku nyingi.

Hata hivyo, kuna sharti. Vikeki hivi vichukue mahali pa keki kubwa. Visiongezwe juu yake. Mzazi anayepanga vikeki 30 kando ya keki ya kilo 3, soda na pakiti za pipi hajamsaidia mtoto kwa lolote.

Hesabu ya sukari

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu anazopata mtu kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Mwaka uliofuata Chama cha Moyo cha Marekani kilisema mtoto wa kati ya miaka 2 na 18 asizidishe gramu 25 kwa siku, yaani takriban vijiko 6 vya chai. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe kabisa sukari ya kuongezwa.

Sasa tazama meza ya sherehe. Kipande cha gramu 100 cha keki yenye aisingi nene huweza kuwa na gramu 40 za sukari, ambazo ni vijiko 10. Chupa ya soda ya mililita 300 huongeza vijiko 8 hivi. Kabla ya kufungua pakiti ya pipi, mtoto amekwisha kumeza sukari ya siku tatu. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kimejaa kwa saa moja.

Kikeki cha kijiti kikiandaliwa kwa njia tutakayoieleza hakizidi vijiko 2 vya sukari. Mtoto akila viwili ameridhika, na bado yumo ndani ya kipimo chake.

Jinsi ya kuandaa

Mapishi mengi ya vikeki hivi huagiza mpishi aponde keki na kuichanganya na aisingi ndipo ishikamane. Hapo ndipo sukari inapoongezeka bila sababu. Yogati nzito isiyotiwa sukari, au ndizi mbivu iliyopondwa, hufanya kazi hiyo hiyo.

Tayarisha unga wa ngano gramu 200, beking pauda vijiko 2 vya chai, sukari gramu 100, siagi gramu 100, mayai 2 na maziwa mililita 120. Piga siagi na sukari hadi vilainike, tia mayai moja moja, kisha unga uliochanganywa na beking pauda pamoja na maziwa. Oka kwa nyuzi 180 kwa muda wa dakika 30 hivi. Asiye na oveni atumie sufuria kubwa yenye mchanga chini: aweke bati la keki ndani, afunike, na kupanga makaa machache juu ya kifuniko. Keki imeiva ikiwa kijiti kilichochomwa katikati kinatoka kikavu.

Iache keki ipoe kabisa, kwani keki ya moto haifinyangiki. Ivunjevunje kwa vidole hadi iwe kama chenga, kisha utie yogati kijiko kimoja kimoja cha mezani. Vijiko 4 kwa kawaida vinatosha. Ukifinya tonge na likashikamana bila kulowesha kiganja, acha kutia. Wapishi wengi huharibu hapa kwa kuzidisha majimaji, na vikeki vikawa vizito na kuteleza kutoka kwenye vijiti.

Finyanga vitufe vya ukubwa wa ndimu ndogo. Utapata kama 25. Viweke kwenye friji kwa nusu saa vigande.

Yeyusha chokoleti gramu 200 katika bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto. Angalia tone la maji lisiingie, maana chokoleti ikiguswa na maji hujikunja na kuwa ngumu. Ikiwa nzito mno, tia kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia. Chovya ncha ya kijiti katika chokoleti kwanza, kichomeke hadi nusu ya kitufe, ngoja kishike, kisha chovya kitufe chote na kukung'uta kidogo. Ukichovya nusu ya juu pekee utapunguza sukari zaidi, na sura yake inapendeza vile vile. Kabla chokoleti haijakauka, nyunyizia nazi iliyokaangwa kavu au simsim badala ya pipi za rangi.

Vikeki vikaukie wapi? Kata tikitimaji katikati, lilaze kifudifudi kwenye sinia na uchomeke vijiti juu yake. Sherehe ikiisha, kibao chako nacho kinakatwa na kuliwa.

Mambo ya kuchunga

Kwanza ni hatari ya kukabwa. Chakula cha mviringo na chenye ganda gumu kinaweza kuziba koo la mtoto mdogo. Walio chini ya miaka 5 wasipewe kitufe kizima wala kijiti. Wakatie vipande vidogo na uviweke katika vikombe vya karatasi. Wakubwa nao wale wakiwa wameketi. Mtoto anayekimbia na kijiti kinywani akianguka anaweza kujitoboa kaakaa au koo. Vijiti viwe butu, wala visiwe vile vya mishikaki vilivyochongoka.

Akitokea mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja aliyekabwa na hawezi kukohoa, kulia wala kupumua, mwinamishe mbele na umpige kwa nguvu mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha mkono. Asipopata nafuu, simama nyuma yake, zungusha mikono na umbonyeze juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu huku mtu mwingine akitafuta msaada. Mtoto mchanga habonyezwi tumbo. Yeye hupigwa mgongoni na kusukumwa kifuani. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona.

Pili ni unga mbichi. Kuna mapishi yanayosifiwa kwa kuwa hayahitaji moto, ambapo unga mbichi hukorogwa na maziwa mazito ya mkebe na kufinyangwa. Unga si chakula kilichopikwa. Mwaka 2016 watu kadhaa nchini Marekani waliugua kutokana na bakteria wa E. coli waliokuwa katika unga wa ngano. Asiyetaka kuoka na aponde biskuti, kwa kuwa hizo zimekwisha kupikwa.

Tatu ni karanga. Mwulize kila mzazi mapema kama mwanawe hudhurika kwa karanga, mayai au maziwa. Vile vile uliza kama kuna mtoto mwenye kisukari. Aghalabu mtoto huyo huachwa nje ya sherehe au huketi akitazama wenzake. Vikeki vinavyolingana humsaidia mzazi wake kukadiria. Kimoja cha kipimo chetu kina takriban gramu 15 za wanga na sukari kwa pamoja, na kwa hesabu hiyo mzazi anaweza kupanga dawa ya mwanawe.

Nne ni meno. Bakteria wa kinywani hugeuza sukari kuwa asidi kwa dakika chache, na mate huhitaji kama nusu saa kuituliza. Mtoto anayetafuna kitamu kidogo kidogo alasiri nzima huyapa meno yake shida zaidi ya yule aliyekula mara moja baada ya chakula. Basi vikeki viletwe baada ya wali au chapati, viliwe, meza isafishwe, na watoto wapewe maji.

Na mishumaa je?

Wapo watakaouliza mtoto atapuliza nini iwapo hakuna keki kubwa. Swali hili lina jibu la kiafya. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kupuliza mishumaa kuliongeza bakteria juu ya aisingi kwa wastani wa asilimia 1,400. Ni kweli kuwa mara nyingi hakuna anayeugua. Lakini katika msimu wa mafua, ya nini kugawia watoto 20 mate ya mmoja? Mwenye sherehe apewe kikeki chake chenye mshumaa wake, apulize, ale mwenyewe.

Wengine watasema siku moja kwa mwaka haidhuru. Siku ya mtoto wako ni moja, sawa. Lakini ana wenzake 40 darasani na wengine mtaani, na kila mmoja ana siku yake. Ukijumlisha harusi, ubatizo na Idi, siku hiyo moja hurudi karibu kila wiki. Isitoshe, mtoto hujifunza ladha angali mdogo. Samaki mkunje angali mbichi. Aliyezoea kwamba furaha ni sinia la sukari atakuwa mtu mzima mwenye mazoea hayo, na maradhi yake yatamsubiri huko mbele.

Hatusemi watoto wanyimwe keki. Tunasema wapewe keki inayolingana na matumbo yao, iliyoandaliwa nyumbani na watu wanaojua kilichomo. Zaidi ya hayo, kufinyanga vitufe ni kazi ambayo mtoto wa miaka 6 anaweza kuifanya akinawa mikono, na hakuna keki ya dukani iwezayo kumpa alasiri nzima jikoni pamoja na mama au baba yake.

Mzazi, sherehe ijayo ikikaribia, usihangaike kuagiza keki ya ghorofa. Nunua unga, mayai mawili na tikitimaji moja. Wageni wakikucheka kwa udogo wa keki yako, waache wacheke. Kinga ni bora kuliko tiba, na kung'oa jino la mtoto hakufurahishi mtu yeyote.