Arua tumeionja serikali pande zote mbili

Ndugu mwandishi, unasema bila serikali watu watamalizana. Njoo Arua, Uganda, uwaulize wazee. Walugbara waliishi vizazi na vizazi bila mfalme. Kesi zilikatwa na wazee wa ukoo. Serikali ikiwepo, Juni 1981, raia waliokimbilia misheni ya Ombaci waliuawa na askari wa serikali. Wengine wengi walikuwa wameshavuka kwenda Zaire na Sudan.

Lakini nisidanganye: watu wa Sudan Kusini wanaofika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp wamekimbia vita vya wakubwa wao, na anayewaandikisha na kuwagawia viwanja ni serikali ya Uganda. Basi hoja yako imekaa vibaya. Tuambie hivi: askari akimuua raia, familia inamshitaki wapi?