Sumu ya Panya Haizibi Tundu

Kila mwaka, mahindi yakisha kuvunwa na kupandishwa darini, panya nao huhamia huko huko. Ndipo wakulima wengi katika skimu zetu za makao hukimbilia sokoni kununua sumu. Mimi naona desturi hii ni hasara juu ya hasara, na yafaa tuiache. Najua hayupo atakayechukia maneno haya kuliko yule bwana anayezunguka sokoni na kipaza sauti, akitangaza dawa ya panya, mende na kunguni.

Tufikiri jinsi sumu inavyofanya kazi. Sumu nyingi za panya hazimwui mara moja. Humfanya atokwe na damu ndani ya mwili, naye hufa baada ya siku kadhaa. Siku hizo zote anatembea, tena kwa ulegevu, na paka au bundi akimkamata hula sumu pamoja na nyama. Panya wengine hufia kati ya mbao na mabati, mahali ambapo mkono haufiki, na nyumba nzima hunuka. Kisha, muda si mrefu, dari imejaa tena. Kwa nini? Kwa sababu tundu ni lile lile na chakula ni kile kile. Panya jike hubeba mimba majuma matatu tu, na huzaa watoto wengi kwa mara moja. Hakuna mfuko wa mkulima unaoweza kushindana na hesabu hiyo.

Tena kuna hatari ya watoto. Vipakiti vingine vya sokoni havina maandishi yo yote, na mtoto akila, daktari hajui ni sumu gani anayotibu.

Sasa inua macho utazame nyumba yako. Bati lina mawimbi, na ukuta ni sawasawa. Kila wimbi la bati linapopita juu ya ukuta huacha tundu. Nyumba ya vyumba viwili huwa na matundu mengi ya namna hii, na fundi akisha kulipwa hujiendea zake. Wale waliopewa nyumba za zamani za walowezi, mashamba yalipogawanywa katika mpango wa eka milioni moja ulioanza mwaka 1962, hawakuokoka: dari za mbao zimezeeka na mbao zimeachana. Waswahili wa pwani huuita mti mlalo wa kushikilia paa "mtambaapanya". Walijua vema nani anayeutumia usiku.

Tundu la kupitisha kalamu ya risasi latosha panya mdogo wa nyumbani. Panya mkubwa hupita palipo na upana wa kidole gumba. Kwa hiyo waya wa kuku haufai kitu. Nimeona watu wakiutumia kwa bidii nyingi, na panya wakipita kama wageni mlangoni. Tafuta waya wenye matundu yasiyozidi milimita 6, uupigilie misumari kati ya ukuta na bati. Jikoni hasa waya ni bora kuliko sementi, maana moshi lazima utoke. Matundu madogo ya ukutani yajaze waya wa kusugulia sufuria, kisha pakaza sementi juu yake. Panya akitafuna waya ule hujuta. Na matawi yaliyoinamia paa yakatwe, yawe mbali kiasi cha mita 2, kwa maana hiyo ndiyo ngazi yao.

Wengine watasema waya ni ghali. Ni kweli, ukinunua kwa siku moja kwa nyumba nzima. Lakini sumu hununuliwa kila mwaka, na waya hukaa miaka mingi. Chama cha ushirika kinachoweza kuagiza mbolea kinaweza pia kuagiza robota la waya, wanachama wakate kila mtu kwa kipimo chake. Anza na chumba chenye mahindi.

Na mahindi yenyewe? Hapa ndipo penye ubishi. Bwana shamba atakuambia ujenge ghala lenye miguu ya kimo cha mita moja, kila mguu uvikwe kofia ya bati ili panya asipande. Ni maneno ya haki. Lakini mkulima ana sababu ya kuweka mahindi ndani ya nyumba anamolala, nayo ni wezi. Haifai kumcheka. Mtu wa namna hiyo afikirie tangi la bati, ambalo panya hawezi kulitoboa, nalo hukaa ndani ya nyumba, mradi mahindi yamekauka vizuri kabla ya kutiwa. Ile mifuko mipya isiyopitisha hewa huua fukusi vizuri sana, lakini panya huitoboa, na ikisha kutobolewa ni gunia tu.

Popo ni habari nyingine. Popo wadogo wa darini hawali mahindi. Hula wadudu, hata mbu na nondo. Ubaya wao ni kinyesi na harufu. Usiwachome moshi, wala usiwashike kwa mikono mitupu, kwa kuwa wanaweza kuwa na magonjwa. Tazama jioni watokapo, kisha tundika kitambaa juu ya tundu lao, kimefungwa juu na kando, chini kikiwa wazi. Watatoka lakini hawataweza kurudi. Baada ya usiku watano au sita, ukiona hawatoki tena, ziba. Kwanza hakikisha hakuna watoto, maana wasioweza kuruka watafia ndani. Kinyesi ukinyunyizie maji kabla ya kufagia, na ujifunge kitambaa puani, kwa sababu vumbi lake huweza kuleta ugonjwa wa mapafu.

Bundi mwacheni. Najua wako wazee ambao watauliza nani atakufa. Bundi anayekaa darini amefuata panya, kama vile nyoka afuatavyo, ila yeye hana sumu, wala mshahara hadai.

Mwaka 1902 tauni ilipozuka Nairobi, soko la Wahindi lilichomwa moto, kwa kuwa ugonjwa ule huletwa na viroboto vya panya. Sisi hatuhitaji moto. Miezi ya Januari na Februari, kabla ya mvua kubwa, mabati ni makavu na ngazi haitelezi. Huo ndio wakati wa kupanda na nyundo.