Njia ya Miguu Kishushe Si Anasa

Hoja kwamba fedha za barabara ni za wenye magari kwa kuwa ndio walipao tozo ya mafuta, na kwamba njia za miguu na baiskeli ni anasa ya mijini, ina kasoro tatu.

Kwanza, tozo hiyo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1993 na kufikia shilingi 25 kwa lita mwaka 2024, haiishii kwa mwenye gari. Imo ndani ya nauli ya matatu na bodaboda, na katika bei ya unga dukani.

Pili, mwaka baada ya mwaka, watembea kwa miguu ndio huongoza kwa vifo barabarani nchini Kenya. Ndiyo maana sera ya Nairobi ya 2015 ililenga kuwatengea, pamoja na waendesha baiskeli, asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi.

Tatu, fedha za njia hizo si lazima zitoke kwenye tozo pekee: eneo la Kishushe lina madini ya chuma. Sheria ya Madini ya 2016 hugawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo la mgodi. Palipo na malori ya madini, mrabaha huo una kazi ya wazi: kumtenga mwanafunzi na magurudumu.