Joto Tunalo, Stima Hatuna: Je, Printa ya 3D Itaokoa Turkana?

Shuka basi Lodwar saa nane mchana na utauliza kile kila mgeni huuliza: hili joto lote, mbona lisigeuzwe stima? Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini swali hilo limenisomesha kuliko darasa.

Jibu fupi: inawezekana, ila si vile unavyodhani. Mwaka wa 1821, Mjerumani Thomas Seebeck aliunganisha metali mbili tofauti, akapasha moto upande mmoja, na sindano ya dira iliyokuwa karibu ikasogea. Umeme ulikuwa unapita. Shika hapo: kinachozaa stima si joto, ni tofauti ya joto. Hewa ya Lodwar inachoma kila upande, kwa hivyo haikupi kitu. Bomba la moshi la jenereta linakupa.

Na jenereta tunazijua sana. Bwawa la Turkwel, megawati 106, lilianza kuzalisha stima mwaka wa 1991. Stima hiyo ikasafirishwa hadi Lessos, nayo Lodwar ikabaki na mitambo ya dizeli miaka nenda miaka rudi. Chukua lita 10 za dizeli: nguvu ya kama lita 6 hupotea ikiwa joto, nusu yake ikitokea kwa bomba la moshi.

Hapa ndipo printa ya 3D inaingia. Vifaa vya kugeuza joto kuwa umeme hutengenezwa kwa madini kama bismathi na teluriamu, yakikatwa vipande bapa. Kipande bapa hakikumbatii bomba la duara. Mwaka wa 2018, watafiti wa Korea Kusini waligeuza madini hayo kuwa wino, wakachapisha vipande vyenye umbo la pete vinavyokaa vizuri juu ya bomba. Mapema 2025, watafiti wa Austria nao wakachapisha vya kupoza.

Poa sana. Sasa tupige hesabu. Vifaa hivi hugeuza takriban asilimia 5 tu ya joto linalovipitia. Katika zile lita 3 za bomba la moshi, utaokoa hata robo lita? Wapi. Kwa pesa hizo hizo, paneli za sola zitakupa stima nyingi zaidi, na jua hapa halijawahi kugoma.

Basi tutupe wazo? Hapana. Twende Kakuma, jioni. Kambi hii ipo tangu 1992. Kuni za mgao hazitoshi, na kuzitafuta nje kumewagombanisha wakimbizi na wenyeji kwa miaka. Jua limezama, sola imelala, mama anawasha moto. Jiko lenye kifaa hiki huendesha feni ndogo inayopuliza moto, kuni zikaungua vizuri na moshi ukapungua. Umeme unaobaki, wati 2 au 3, unachaji simu. Kampuni ya BioLite ya Marekani imeuza majiko ya aina hiyo hapa Kenya. Wati 3 ni mzaha kwa jenereta. Kwa mtu ambaye hulipa kibandani kila akitaka kuchaji, si mzaha.

Mbona nakwambia haya leo? Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wa kuunganisha wakimbizi na wenyeji. Miradi itakuja, na mingine itakuja na maneno matamu. Ukisikia "teknolojia ya 3D" barazani, inua mkono uulize: wati ngapi? Kwa bei gani ukilinganisha na sola? Kikiharibika, nani hapa anaweza kukirekebisha?

Swali la tatu ndilo letu. Kule Loropio, kando ya Ziwa Turkana, kuna kampasi ya teknolojia ya vijana iliyochorwa na Francis Kéré. Minara yake, mfano wa vichuguu vya mchwa, hutoa hewa ya moto nje na kuacha madarasa yakiwa na ubaridi. Huko joto lilifanyiwa hesabu kabla ya jengo kuinuka. Nasi tukilipigia hesabu mapema, hakuna wa kutuuzia jua letu wenyewe.