Mitaala mipya Tanzania: Mkuu wa shule anamuuliza nini mwalimu?

Januari 2024 Tanzania ilianza kutumia kwa awamu mitaala iliyoboreshwa, inayomtaka mwanafunzi aonyeshe anachoweza kufanya badala ya kukariri tu. Lakini namna somo linavyofundishwa inategemea pia mtu asiyetajwa sana katika mjadala huu: mwalimu mkuu wa shule ya msingi, au mkuu wa shule ya sekondari.

Wazo lenyewe si geni. Mitaala ya sekondari ilielekezwa kwenye ujenzi wa umahiri tangu 2005, ila madarasa mengi yaliendelea na kunakili ubaoni na kukariri. Msongamano wa wanafunzi na uhaba wa vitabu vilichangia. Uongozi nao ulichangia.

Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza 2013, ulizipanga shule kwa matokeo ya mitihani. Mkuu anayejua atapimwa kwa ufaulu huwapima walimu wake hivyo hivyo. Mwalimu anayeulizwa kila mara amefika mada ya ngapi na darasa lake lina wastani gani, hatatumia vipindi viwili kwa jaribio la sayansi au kazi za vikundi. Atatoa nukuu, atarudia maswali ya mitihani iliyopita, na kwenye andalio la somo ataandika "majadiliano" ili likikaguliwa lipite.

Mkuu wa namna nyingine huingia darasani, hukaa nyuma, kisha huzungumza na mwalimu juu ya alichokiona: nani hakushiriki, swali lipi liliwashinda wengi. Hulinda muda wa walimu kujifunza pamoja shuleni, kama unavyotaka utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA. Kwake, mwalimu anaweza kujaribu mbinu mpya, na ikishindikana haitwi mzembe.

Januari 2023 Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule zilizoongoza katika matokeo ya Kidato cha Nne. Orodha iliondoka, lakini vikao vya tathmini, ambako wakuu hujieleza kuhusu ufaulu, vimebaki.

Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, huko Bagamoyo, hutoa mafunzo kwa viongozi wa shule. Yatazaa matunda ikiwa afisa elimu naye atabadili anachomuuliza mkuu. Akiuliza asilimia ya ufaulu peke yake, swali hilo litashuka ngazi kwa ngazi hadi kwa mtoto wa Darasa la Tatu mwenye kitabu kipya mkononi.