Noma: tiba ya mapema ni bora kuliko kujenga taya upya

Mama na mlezi, Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza noma kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Noma huanza kwenye fizi, hasa kwa mtoto wa miaka 2 hadi 6 mwenye utapiamlo au aliyetoka kuugua surua. Ndani ya siku chache hula shavu na taya. Bila matibabu, watoto wapatao 9 kati ya 10 hufa.

Aliyepona bila taya la juu huhitaji upasuaji zaidi ya mmoja. Daktari huchukua mfupa, mara nyingi wa nyonga, na kuupandikiza. Meno yanayokazwa kwenye mfupa kwa skrubu husubiri mtoto amalize kukua, maana hayasogei pamoja na taya.

Orodha ile inaweza kuleta fedha, lakini mtoto wako hawezi kuisubiri. Anapougua, mtazame kinywani. Ukiona fizi zinatoka damu, kidonda chenye harufu mbaya au shavu limevimba, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Antibayotiki, usafi wa kinywa na lishe humwokoa. Noma haiambukizi, usimfiche.