Bandari, Reli na Shamba la Marehemu

Wiki iliyopita nilimsindikiza mjukuu wangu stesheni ya Kihonda, apande treni ya umeme kwenda Dar es Salaam. Akaniuliza: "Babu, watu wa zamani walikwenda pwani kwa usafiri gani?" Nikamjibu kuwa walikwenda kwa miguu, tena hawakwenda Dar es Salaam.

Kabla ya reli, mji wetu ulielekeana na Bagamoyo. Misafara iliyotoka huko kwenda Tabora na Ujiji ilipita chini ya milima ya Uluguru, ikapumzika na kununua chakula katika mji wa Kisabengo, ambao baadaye ulitawaliwa na binti yake, Simbamwene. Stanley alipopita hapa mwaka 1871 aliukuta umezungushiwa ukuta wa mawe.

Dar es Salaam wakati huo ilikuwa changa. Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, aliipenda ghuba yake tulivu karibu na kijiji cha Mzizima, akaanza kujenga katika miaka ya 1860. Alipofariki mwaka 1870, ndugu yake na mrithi wake, Sayyid Barghash, hakuiendeleza kazi ile. Majengo yakaachwa yachakae, na biashara ya bara ikabaki Bagamoyo.

Wajerumani ndio waliogeuza mambo. Maji ya Bagamoyo ni mafupi, na meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali na ufuko. Mwaka 1891 wakahamishia makao makuu yao Dar es Salaam. Reli ikaanza kujengwa kutoka huko mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Mizigo iliyobebwa mabegani ikapanda mabehewa, na Bagamoyo iliyovuma kwa miaka mingi ikapoa.

Hapo pana funzo kwetu. Bandari haiishi kwa bahari peke yake, huishi kwa njia inayoiunganisha na bara. Na njia inapobadilika, ardhi ya miji iliyo kandokando yake hubadilika thamani, mara nyingi kabla wenyewe hawajatambua.

Ndiyo hali yetu leo. Tangu treni mpya ilipoanza kubeba abiria mwezi Juni 2024, mwendo wa Dar es Salaam ni wa saa mbili hivi. Madalali nao wamezijua nyumba zetu. Naijua familia moja ambayo marehemu baba yao aliacha shamba pembezoni mwa mji. Miaka yote hakuna aliyelijali. Alipotokea mnunuzi, watoto wa kiume waliuza ndani ya wiki moja. Dada zao wawili waliambiwa: "Nyinyi mmekwisha olewa, shamba la nini?" Mmoja wao hadi leo hakanyagi nyumba ya kaka yake, hata siku ya Idi.

Ndugu zangu, Suratun Nisaa imekwisha kuwataja wanawake pamoja na wanaume katika mirathi, na ndoa haimwondolei binti fungu lake. Basi dalali akibisha hodi, mwambieni asubiri. Waiteni warithi wote, walio karibu na walio mbali. Lipeni madeni ya marehemu, tekelezeni wasia wake, kisha mgawane mbele ya mashahidi na kwa maandishi. Fuateni taratibu za mirathi kisheria ndipo mzungumze bei. Tena ulizaneni kama ni lazima kuuza, maana shamba hukodishwa pia, na fedha ya kuuza huisha.

Mjukuu wangu alinipigia simu kuwa amefika kabla sijamaliza chai yangu ya jioni. Nilifurahi. Nikamwomba Allah asiijaalie njia hii nyepesi kuwa sababu ya ndugu kutotembeleana.

Wabillahi tawfiq.